Kabla Hamjamtia Mtu Kitanzi

Wajukuu zangu,

Nimewasikia. Kwenye matatu ya kwenda Nanyuki, tangu stendi ya Nyeri hadi Naro Moru, mlikuwa mkitoa hukumu. Mmoja alisema kifungo cha maisha. Mwingine aliapa kwamba atanyongwa. Wa tatu alisema Waingereza watamficha mtu wao na hatalala jela hata siku moja. Makanga naye, akidai nauli, akatoa hukumu yake. Na mtu mliyekuwa mkimhukumu siku ile, mshukiwa wa mauaji ya Agnes Wanjiru, alikuwa hajasomewa shtaka mbele ya jaji yeyote wa Kenya.

Machungu yenu nayajua na siwaambii myameze. Agnes Wanjiru alikuwa binti wa miaka 21, mama wa mtoto wa miezi mitano, aliyejitafutia riziki kwa kusuka nywele pale Nanyuki. Usiku wa tarehe 31 Machi 2012 alionekana na askari wa Uingereza kwenye hoteli ya Lions Court. Hakurudi nyumbani. Mwili wake ulikuja kupatikana baada ya miezi miwili na zaidi, ndani ya tangi la majitaka la hoteli hiyo hiyo. Anayeyasikia hayo na asikasirike, moyo wake una kasoro. Ninachogombana nacho ni pale mnapoipeleka hasira hiyo.

Hebu tuyaweke mambo mahali pake. Tarehe 5 Novemba 2019, hakimu Njeri Thuku alihitimisha uchunguzi wa kifo hicho katika mahakama ya Nanyuki, akasema bila kuzunguka kwamba Agnes aliuawa, na kwamba waliomuua ni askari mmoja au wawili wa Uingereza. Uchunguzi wa namna hiyo unaeleza aliyekufa ni nani, na amekufa wapi na vipi. Haumfungi mtu. Mwaka 2021 gazeti la Sunday Times la London likachapisha madai kwamba askari wenzake muuaji walijua tangu mwanzo. Mwaka 2025, mwezi wa Septemba, Jaji Alexander Muteti wa Mahakama Kuu alitoa hati ya kumkamata aliyekuwa askari mmoja, na Novemba mtu huyo akakamatwa Uingereza na kufikishwa mahakamani London. Alisema hakutenda, na kwamba atapinga kuletwa Kenya. Jina lake limo kwenye hati na magazeti yamelichapisha. Mimi silitaji hapa, maana ninalowaomba ninyi ni lazima nilitende kwanza.

Sasa tuje kwenye kitanzi chenu. Ni kweli kifungu cha 204 cha sheria yetu ya makosa ya jinai kinaitaja adhabu ya kifo kwa muuaji. Lakini tangu uamuzi wa kesi ya Muruatetu wa tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu imesema jaji halazimiki kutoa adhabu hiyo. Anapima kila kesi kivyake. Na hata wanaohukumiwa kifo hawanyongwi. Mtu wa mwisho kunyongwa Kenya alinyongwa mwaka 1987. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia hukumu zaidi ya wafungwa 4,000 wakawa wa kifungo cha maisha, na Rais Uhuru Kenyatta akafanya vivyo hivyo mwaka 2016.

Halafu kuna sheria ya upande wa pili, ambayo sikumsikia hata mmoja wenu akiitaja. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2003 kuhusu kuwapeleka washukiwa nchi nyingine inamzuia waziri wao kumtoa mtu anayeweza kuhukumiwa kifo, mpaka apewe ahadi ya maandishi kwamba hatauawa. Na jaji wao anatakiwa ajiulize kwanza kama haki za mtu huyo zitalindwa, ikiwemo haki ya kusikizwa bila upendeleo. Fikirini vizuri hapo. Wakili wa mshukiwa ana haki ya kudai kwamba nchi nzima ilishamhukumu mteja wake kabla hajapanda ndege. Atahitaji ushahidi wa dai hilo. Ni nani atakayempa, kama si ninyi mnaopiga kelele za kamba? Mnadhani mnampigania Agnes, kumbe mnamwandikia mtu mwingine utetezi wake.

Na hata mtu akipatikana na hatia, adhabu haiji papo hapo. Mnaikumbuka kesi ya mauaji ya Monica Kimani, ambayo nchi nzima ilibashiri kwa miaka. Mshtakiwa alipatikana na hatia tarehe 9 Februari 2024, na adhabu ikasomwa tarehe 13 Machi. Katika wiki zile afisa wa probesheni anaandika ripoti yake, familia ya marehemu inaeleza ilichopoteza, wakili anaomba mteja wake aonewe huruma. Jaji hupima yote hayo. Anayetaja miaka leo, kabla hata ya shahidi wa kwanza kula kiapo, anataja nambari tupu.

Sisi wa Nyeri tuna sababu yetu wenyewe ya kuiogopa hukumu ya haraka. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, serikali ya kikoloni ikiwa imeshaweka zawadi kwa atakayemkamata. Alishtakiwa hapa hapa mjini kwetu mwezi uliofuata, akahukumiwa kifo, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti. Miezi minne haikutimia. Mpaka leo familia yake inatafuta kaburi. Mkiwauliza wazee waliokuwepo, hawatawaambia kwamba mahakama ile ilikawia. Watawaambia kwamba iliketi ikiwa imeshaamua. Mahakama ya namna hiyo hatuwezi kuilaani ilipotuua sisi, kisha tuitamani leo kwa sababu mshukiwa ni Mwingereza.

Lipo linaloniuma kuliko hayo yote. Vinywa hivi vinavyomhukumu mshukiwa vilianza na Agnes mwenyewe. Alitafuta nini baa usiku? Mbona alimwacha mtoto? Nimeyasikia maneno haya Nanyuki, nimeyasikia Karatina, nimeyasikia mbele ya kanisa, kwa watu wanaojiita wacha Mungu. Msichana maskini aliyetoka kutafuta chochote cha kumlisha mtoto wake amewekwa kizimbani na watu wasiomjua, na hana wa kumtetea. Nawaambia hivi: aliyeuawa hadaiwi maelezo ya kwa nini alikuwa mahali alipouawa. Angekuwa amekwenda kucheza, kunywa au kuuza mwili wake, hakuna sheria ya nchi wala ya Mungu inayoruhusu adungwe kisu na kutupwa kwenye tangi la choo. Na yule mtoto wa miezi mitano, aliyelelewa na jamaa za mamake, sasa amefikia umri wa kusoma kila mnachokiandika na kusikia kila mnachokisema. Kabla hujafungua kinywa kumhusu mamake, jiulize kama ungelisema neno hilo ukiwa umeketi naye meza moja.

Nendeni basi mkaone kesi inavyokufa. Ketini asubuhi moja tu katika mahakama ya Nyeri. Karani anaita nambari ya faili. Watu wanasimama. Kiongozi wa mashtaka anasema shahidi hakufika. Hakimu anaangalia shajara, anataja tarehe nyingine, faili inafungwa, inaitwa inayofuata. Mama aliyetoka Othaya kwa matatu ya alfajiri anamgeukia jirani yake kwenye benchi: wamesemaje? Anaambiwa kesi itatajwa tena mwezi ujao. Huko ndiko haki inakopotelea, kwa shahidi aliyechoka, aliyehama, aliyetishwa au aliyefariki. Haipotezwi na adhabu ndogo.

Mnapenda kusema lisemwalo lipo. Mahakamani haliko hivyo. Shahidi anaulizwa aliloliona kwa macho yake na alilolisikia kwa masikio yake, na habari ya kuambiwa inawekwa kando. Ubaya ni kwamba aliyeona kweli akikaa miaka akisimuliwa na watu kisa hicho hicho, kila mmoja akiongeza chumvi yake, mwishowe hajui tena lipi ni lake na lipi ni la kuambiwa. Akisimama kizimbani, wakili wa utetezi atamsomea alichokisema mwaka jana na alichokisema mwaka juzi, na maneno hayo yakigongana, shahidi mwaminifu anatoka akionekana mwongo. Hivyo ndivyo uvumi unavyomuua marehemu mara ya pili.

Kwa hiyo yeyote aliyekuwa Nanyuki usiku ule wa mwaka 2012, awe alikuwa mhudumu, mlinzi, dereva wa teksi au mpita njia, na ana jambo analolikumbuka, asilitoe kwenye matatu. Aliandike peke yake jinsi anavyolikumbuka, bila kumuuliza mtu, kisha alipeleke kwa wapelelezi wa Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai (DCI) au kwa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Akiogopa, aseme kwamba anaogopa. Nchi hii ina Shirika la Kulinda Mashahidi, na liliundwa kwa ajili ya mtu kama yeye.

Na ninyi wengine ambao hamkuona chochote, bado mna kazi. Kutoka kifo cha Agnes hadi uamuzi wa hakimu Thuku ilipita zaidi ya miaka saba. Kutoka uamuzi huo hadi hati ya kumkamata mtu ikapita karibu miaka sita mingine. Nani alilikalia faili hilo, na kwa faida ya nani? Swali hilo halimnyimi mtu yeyote haki yake na halimharibii shahidi yeyote. Mwulizeni mbunge wenu, mwulizeni seneta wenu, na wakija mwaka 2027 kuomba kura zenu hapa Nyeri, Karatina na Nanyuki, msiwape kipaza sauti mpaka wawe wamelijibu.