Ufunguo Uliokunywa Haujui Kwao

Mjukuu wangu, sogea hapa. Mwisho wa mwezi umefika, mshahara umetoka, na najua Ijumaa jioni mtakutana na wenzako. Sikukatazi kukaa na marafiki. Nakuomba jambo moja: ukinywa, usiendeshe.

Utaniambia, "Babu, mimi najijua." Hapo ndipo ninapoogopa. Pombe haianzi na miguu. Inaanza na ile akili ambayo ingekuambia umelewa. Miguu bado imenyooka, ulimi bado mwepesi, na wewe unajiona dereva hodari kuliko ulivyoingia. Aliyelewa hapimi ulevi wake.

Sheria yetu Tanzania imeweka kikomo cha miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Usiisome kama ruhusa. Shirika la Afya Duniani linashauri kikomo kiwe 50, na kwa vijana na madereva wapya 20, maana hatari inaanza mapema.

Ifikirie barabara ya Chalinze kwenda Segera, usiku. Lori limeharibika, halina taa, na utingo ametandika matawi barabarani kuwaonya wanaokuja. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kila sekunde unamaliza mita 28. Asiyekunywa anayaona matawi, mguu unakwenda kwenye breki. Aliyekunywa anachelewa kidogo tu, na lori liko ndani ya hicho kidogo.

Tena pombe haisafiri peke yake. Inakukuta na usingizi, tumbo tupu, mwendo kasi, simu mkononi na mkanda ambao hukuufunga. Kwenye bodaboda inakuta kofia ngumu imening'inizwa kwenye usukani.

Usidanganywe na kahawa, supu wala kuoga maji baridi. Vitakuamsha, havitaitoa pombe mwilini. Ini lina mwendo wake na halikimbizwi. Aliyekesha akinywa anaweza kushika usukani asubuhi na bado amelewa.

Nimeona njia hii inakoishia, mjukuu wangu. Yupo anayezikwa. Yupo anayebaki hai akijua amemuua mama wa watu aliyekuwa akivuka na ndoo yake kichwani. Huyo wa pili, sijui nimpe pole gani.

Nakusihi tena: panga safari ya kurudi kabla ya glasi ya kwanza, maana baada yake anayepanga si wewe. Liache gari nyumbani. Mpe ufunguo asiyekunywa kabisa, kwani ufunguo uliokunywa haujui kwao. Lala kwa rafiki. Nipigie mimi, hata saa nane za usiku, sitakugombeza.

Na ukipanda gari au bodaboda ukasikia dereva ananuka pombe, shuka. Usione haya. Wakikucheka, wacheke. Nyumba haihami kwa mwenyewe kuchelewa.

Nakuomba, mwanangu, na nitarudia hadi unichoke: ukinywa, usiendeshe.