Sukari ya Arrietty: Je, Kuchukua Kisichoonekana ni Wizi?

Wiki hii nataka tukae na swali moja lililozua mjadala mkali kwa ushirika wa vijana, na sisi wa miaka thelathini na kitu tukaendelea nalo pale kwa magari hadi mlinzi akaanza kutuangalia vibaya. Swali ni hili: ukichukua kitu kidogo kwa mtu ambaye hata hatajua kimetoka, umeiba?

Swali lilitoka kwa filamu ya katuni. Najua kuna mzee mahali anauliza pasta ana shughuli gani na katuni. Mzee wangu, nivumilie. Filamu yenyewe ni ya Kijapani, inaitwa The Secret World of Arrietty kwa Kiingereza, na ilitolewa na Studio Ghibli mwaka wa 2010. Mwongozaji ni Hiromasa Yonebayashi, na hiyo ndiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Hadithi ilitolewa kwa kitabu cha watoto cha Mwingereza Mary Norton, The Borrowers, kilichochapishwa 1952. Wajapani wakaihamisha kutoka Uingereza wakaileta kwao, mtaa wa Koganei, magharibi mwa Tokyo.

Chini ya sakafu ya nyumba moja kuukuu wanaishi baba Pod, mama Homily na binti yao Arrietty, miaka 14. Ni watu kamili, wana jikoni na vitanda na heshima zao, ila urefu wao ni kama sentimita 10. Usiku Pod hupanda ndani ya ukuta, kwa ngazi ya misumari, akafika jikoni kwa wakubwa. Anachukua kipande kimoja cha sukari. Tishu moja. Hawazidishi. Katika safari yake ya kwanza Arrietty anaokota pini sakafuni na kuibeba kiunoni kama upanga. Wenyewe hawaiti wizi. Wanaita kukopa, na jina la filamu kwa Kijapani lina maana ya kuishi kwa kukopa.

Sasa, vijana wetu walisema mara moja: hao si wezi, wana mahitaji, na mwenye nyumba hakosi chochote. Mama mmoja aliyekuwa amekuja kuchukua mwanawe akasema wizi ni wizi, hata kama ni wa sindano. Wote wawili walijibu haraka mno, kwa maoni yangu.

Hebu tuanze na hilo neno. Kiswahili kinatubana hapa kuliko Kiingereza. Jembe la jirani unaliazima, kwa sababu utalirudisha lilelile. Pesa au unga unakopa, kwa sababu utakula na kurudisha mwingine. Na chumvi ya kutia kwa mboga hukopi wala huazimi, unaomba tu: “Mama Nani, nisaidie na chumvi.” Maneno matatu, na yote yana watu wawili ndani yake, mmoja wa kusema na mwingine wa kusikia. Anachofanya Pod kina mtu mmoja tu, tena gizani. Kwa hivyo ukinilazimisha niseme kama ni kukopa, nitasema hapana. Lakini ngoja, usinilazimishe bado niseme ni wizi.

Kwa nini haombi? Kwa sababu kuonekana ni kufa. Sheria ya kwanza ya hao watu ni kwamba binadamu akishakuona, familia inahama. Na filamu inaonyesha hofu hiyo si ya bure. Mfanyakazi wa nyumba hiyo, mama anayeitwa Haru, anapogundua makao yao anamkamata Homily, anamtia kwa chupa, kisha anapigia simu kampuni ya kukamata panya. Wewe utamwambia mtu wa namna hiyo aje mlangoni kwako apige hodi aombe sukari?

Kwa hivyo siwezi kumhukumu Pod kama ninavyomhukumu mtu ambaye angeweza kuomba, akaona ni rahisi kutoomba.

Lakini kuna kitu ndani ya kitabu cha Norton ambacho filamu imekipunguza makali, na ndicho kinachonisumbua zaidi. Kwa kitabu, yule mvulana anamwambia Arrietty waziwazi kwamba huko ni kuiba. Msichana anacheka. Kwake yeye wizi ni mdogo kumwibia mdogo mwenzake. Kuchukua kwa binadamu hakuhesabiki, maana binadamu wapo kwa ajili yao! Anaamini hivyo kwa moyo safi kabisa, kama mtoto aliyefundishwa nyumbani. Jamani, si tunawajua watu wa namna hiyo? Huyu hawezi kugusa shilingi ya ndugu yake, lakini ya ofisi ni sawa, ya kaunti ni sawa, kwa sababu eti mali ya umma haina mwenyewe. Kila kundi linalochukua kwa kundi lingine hutafuta kwanza mafundisho ya kulibariki. Na hilo si tatizo la wadogo peke yao. Wakubwa wamelifanya kwa mataifa mazima.

Nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwa huduma, na mtanisamehe, hesabu hazijanitoka. Wahasibu wana kanuni moja nzuri: kiasi kidogo sana, ambacho hakiwezi kubadilisha uamuzi wa mtu anayesoma hesabu, hakuna haja ya kukihangaikia. Kipande cha sukari ni kiasi kama hicho. Lakini angalia kanuni hiyo imewekwa kinywani mwa nani. Mwenye mali anaweza kusema, “Achana nayo, ni kidogo.” Hiyo ni neema. Mchukuaji akisema maneno hayohayo, ni kitu kingine kabisa, kwa sababu amejipa ruhusa kwa mdomo wa mwenzake.

Tena mchukuaji haoni kila kitu. Vijana walisema hakuna anayeumia. Mimi nikawauliza: kwa nyumba yenye mfanyakazi, kitu kikipotea, nani huulizwa kwanza? Pakawa kimya. Filamu haimwonei Haru huruma, inamfanya kichekesho, na kweli anachekesha. Lakini nyumba si yake. Sukari si yake. Anayefuta meza na kuhesabu vijiko ni yeye, na vitu vinapungua mikononi mwake bila maelezo. Simtetei kwa ile chupa. Nasema tu kwamba ukisema “hatakosa,” umemfikiria mwenye nyumba, umemsahau aliye katikati. Waliowahi kufanya kazi ya duka au stoo wananielewa. Upungufu wa stoki hauendi kwa mkubwa, unashuka kwa yule aliye na funguo.

Torati inalijua swali hili, na inalishika kwa upande ambao hatukuutarajia. Walawi 19 inamwambia mwenye shamba asivune pembeni mpaka mwisho, wala asirudi kuokota yaliyoanguka, hayo ni ya maskini na mgeni. Kumbukumbu la Torati 23 inamruhusu mtu apite kwa shamba la mizabibu la jirani ale ashibe, ila asitie ndani ya chombo. Ona ilivyo na akili: tumbo lina mpaka, kikapu hakina. Ile tishu moja ya Pod ni tumbo. Lakini ona pia kwamba Mungu hakuanza kwa kumwambia mdogo ajizuie. Alianza kwa mwenye shamba, akamwambia aache kitu pembeni. Ukishaacha pembe, yule mdogo hahitaji giza. Anaokota mchana, watu wakimwona, na hakuna wa kumwita mwizi.

Na hapo ndipo naona filamu hii inaenda mbali kuliko mjadala wetu wa wizi. Yule mvulana, Sho, ana miaka 12 na ugonjwa wa moyo, amekuja kwa nyumba ya shangazi ya mama yake kupumzika akingoja operesheni. Anampenda Arrietty. Ana moyo mwema kabisa. Kwa ile nyumba kuna nyumba ndogo ya mwanasesere iliyoagizwa Uingereza zamani na babu yao, kwa ajili ya hao watu wadogo, ina jikoni maridadi ajabu. Sho anaamua kuwapa zawadi. Anafungua sakafu, anang'oa jikoni la Homily, na anaweka lile jipya.

Mama wa watu yuko ndani! Nyumba inatetemeka, paa linaondoka, mkono mkubwa kama lori unaingia. Lile jiko ni zuri, hata Homily mwenyewe alikuwa akilitamani. Lakini baada ya hapo familia inaharakisha kuhama. Miaka yote hiyo ya kuchukua sukari kimyakimya haikuwahi kuwafukuza. Zawadi iliwafukuza.

Nimekaa na sehemu hiyo sana, kwa sababu hatuhitaji kwenda Japani kuiona. Tunakwenda kumtembelea mjane, tunaingia na wapiga picha, tunamwondolea mabati mbele ya watoto wake ili tumwekee mapya, na tunashangaa mbona hakurudi kanisani. Linganisha na Boazi katika Ruthu sura ya 2. Yeye hakumtumia Ruthu magunia mlangoni siku ile ya kwanza. Aliwaambia vijana wake waachie masuke yaanguke kwa makusudi, na wasimkemee akiyaokota. Ruthu alirudi kwa Naomi na shayiri aliyoipura mwenyewe, mgongo ukimuuma, na hakuna jirani aliyejua kiasi gani kilianguka kwa bahati na kiasi gani kiliangushwa.

Sasa tushuke nyumbani, hapa Kenya, kwa jikoni zetu. Nawajua wapendwa wanaochora alama ya kalamu kwa mtungi wa mafuta ili wajue dada wa kazi ametumia kiasi gani. Wanafunga sukari kwa kabati. Halafu mshahara wa dada umechelewa wiki ya tatu, na Yakobo sura ya 5 inasema mshahara wa namna hiyo unapiga kelele. Dada akichota vijiko viwili usiku, atakuwa amechukua asichopewa, sikatai, na nitamwambia hivyo uso kwa uso. Lakini sitamwambia yeye kwanza. Nitaanza na mwenye kalamu: lipa, kisha fungua kabati, kisha sema kwa sauti, “Hii chai ni yako pia.” Baada ya hapo ndipo neno wizi litakuwa na uzito likitamkwa kwa nyumba hiyo. Na wewe dada unayesoma hii, ukishaambiwa hivyo, usilete kikapu.

Mama wa ile siku aliniuliza kama basi nimewaunga mkono vijana. Nilimwambia hapana, na vijana nao hawakufurahi. Sawa tu.

Mwisho wa filamu, alfajiri, familia inaondoka kwa birika inayoelea mtoni. Sho anafika mbio, na moyo wake ule mgonjwa, amebeba kipande cha sukari. Ni zawadi ileile Arrietty aliyokuwa ameikataa mwanzoni, akairudisha. Safari hii hakiachi chini akaondoka. Anampa mkononi, macho kwa macho. Arrietty anakipokea, kisha anafungua kibanio cha nywele zake, kidogo kama punje, na kumwekea Sho kiganjani.