Mwenye Ghala na Wenye Njaa

Njaa imeingia mjini, na nafaka zimo ghalani. Mwenye ghala amefunga mlango, angojea bei ipande. Je, huu ni ugonjwa wa moyo, wa sheria, au wa dola? Mwenye kuisoma elimu ya siasa hana budi kulikabili swali hili, kwani wataalamu hawakulijibu kwa namna moja.

Al-Farabi, aliyekufa mwaka 950, aliufananisha mji mwema na mwili ulio mzima, na mtawala wake na moyo. Mji ambao watu wake wamefanya mali kuwa ndio upeo wa matakwa yao, aliuhesabu katika miji ya ujinga. Basi dawa hapo ni mafunzo. Na mafunzo huchelewa, hali mwenye njaa hangoji.

Al-Mawardi, aliyekufa mwaka 1058, alikuwa kadhi, na hakukaa sana na nyoyo. Katika al-Ahkam as-Sultaniyya alizipanga kazi za imamu, waziri, kadhi, na muhtasibu mwenye kukagua vipimo na mizani sokoni. Hili ni jambo kubwa, kwani mnyonge hupata mlango wa kubisha. Lakini muhtasibu naye akiwa na ghala lake, nani atamkagua?

Ama Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliandika katika Muqaddima yake, mwaka 1377, kwamba mji mwema wa wanafalsafa ni jambo la nadra, nao huutaja kwa kukadiria tu. Yeye alitafuta sababu. Dola changa hutoza kidogo na hazina ikajaa; ikizeeka hutoza sana na hazina ikapungua, kwa kuwa watu hukata tamaa ya kulima na kuchuma. Na sultani akiingia mwenyewe katika biashara, raia hawawezi kushindana naye. Kisha juu ya wenye kuficha nafaka akasema neno la ajabu: faida yao haina heri, maana watu hulipa kwa kulazimika, na nafsi zao hubaki zimeshikamana na fedha walizozitoa. Hapo mtafuta sababu amerudi kule kule moyoni alikoanzia al-Farabi.

Wako wasomao mmoja wakawabeza wawili. Atazamaye tabia peke yake humsahau mtawala dhalimu. Na atazamaye dola peke yake humpa udhuru mwenye ghala, kana kwamba mkono uliofunga mlango si wake. Ibn Khaldun mwenyewe alipofanywa kadhi mkuu wa Kimaliki mjini Cairo, mwaka 1384, kazi yake ilikuwa kuhukumu kwa sheria baina ya mtu na mtu, si kueleza kuinuka na kuanguka kwa dola. Na katika kazi hiyo aliuzuliwa zaidi ya mara moja.