Jumatano: Barua Iliyokunjuliwa Mbele za BWANA

Soma Isaya 37:14-20 na Isaya 38:1-6, 21. Hezekia alifanya nini alipopata habari za kutisha? Je, tunajifunza nini kutokana na utaratibu alioufuata?

Barua ya mfalme wa Ashuru ilimtishia Hezekia kwamba Yerusalemu ungeangamia kama miji mingine. Kwanza aliipokea na kuisoma. Kisha akapanda nyumbani mwa BWANA, akaikunjua mbele zake. Hakuificha kabla ya kuisoma, wala hakuongeza ndani yake maneno yasiyoandikwa.

Katika madarasa yetu ya Shule ya Sabato wamo watu waliowahi kutibiwa saratani, wengine Ocean Road jijini Dar es Salaam, wengine Bugando jijini Mwanza. Matibabu yamekwisha, nywele zimeota tena, kanisa limetoa shukrani. Kisha siku moja dada aliyetibiwa saratani ya titi anahisi kichwa kimebanwa kama kilichofungwa kamba. Usiku halali. Moyo unamwambia, "Imefika kwenye ubongo." Hamwambii mumewe, wala harudi kliniki, kwa kuwa anaogopa kuambiwa. Barua iko mkononi mwake. Hajaifungua, lakini ameshaijaza maneno yake mwenyewe.

Kichwa kubanwa kuna sababu nyingi: misuli ya shingo iliyokaza, kukosa usingizi, kutokunywa maji ya kutosha, macho, na hata hofu yenyewe. Maumivu ya kubana pande zote mbili za kichwa huwapata watu wengi sana, na kwa kawaida hayatokani na uvimbe. Hata hivyo, ni kweli pia kwamba saratani ya titi, ya mapafu, ya figo na aina ya saratani ya ngozi iitwayo melanoma zinaweza kusambaa hadi kwenye ubongo. Hisia peke yake haiwezi kutuambia ni lipi kati ya hayo. Daktari, pamoja na vipimo kama CT-scan au MRI, ndiye anayeweza kujua.

Kwa hiyo mtu aliyewahi kuugua saratani akipata maumivu mapya ya kichwa yasiyokwisha, amweleze daktari wake mapema, asisubiri dalili nyingine. Yakiambatana na kutapika, kifafa, mkono au mguu kulegea, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kutamka maneno au kuchanganyikiwa, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Sabato (Mathayo 12:12).

Rudi sasa kwenye Isaya 38. Hezekia alipougua aliomba kwa machozi, na Mungu akamwahidi miaka 15. Lakini baada ya ahadi hiyo bado Isaya aliagiza tini zibandikwe juu ya jipu. Ellen White, katika Huduma ya Uponyaji, anakitumia kisa hiki kufundisha kwamba anayeomba uponyaji asiiache tiba iliyo karibu naye. Basi tusimwambie mgonjwa kwamba kwenda kupimwa ni kukosa imani. Wala machozi yake si kukosa imani, kwa maana Hezekia naye alilia kama ndege na kuomboleza kama hua (Isaya 38:14).

Je, barua ikiwa na habari mbaya? Ile miaka 15 nayo ilikwisha, Hezekia akalala na baba zake. Hatukuahidiwa kwamba kila kipimo kitarudi kikiwa safi. Soma Warumi 8:38, 39. Paulo anayataja mauti kwanza katika orodha ya mambo yasiyoweza kututenga na upendo wa Mungu. Kwa sababu hiyo tunaweza kuifungua barua. Lolote lililoandikwa humo, Yeye tunayeikunjua mbele zake amekwisha kulisoma.

Tafakari: Ni barua gani unayoogopa kuifungua? Andika leo dalili zako: zilianza lini, hutokea saa ngapi, huzidi wakati gani. Ikunjue karatasi hiyo mbele za Mungu katika maombi, kisha umpelekee daktari. Na kama wewe ni mzima, ni nani darasani mwako anayehitaji mtu wa kumsindikiza kliniki wiki hii?