Waungwana, njia!

Segese, wilayani Kahama, kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, kijana anayewakanyaga wenzake kwenye foleni huambiwa, "Acha utemi." Kwa babu zake neno hilo lilikuwa enzi. Mtemi ndiye aliyewatawala Wasukuma na Wanyamwezi, na wengi hulitoa jina lake katika kutema: kukata pori, au kukata shauri. Mwaka 1963 sheria ikawafuta machifu. Kiti kikaenda zake, neno likabaki njiani, likaokotwa na wababe.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni mwanangwa. Huyu alikuwa mwana wa mtemi. Ila zamani, sehemu nyingi za huku, utemi ulipita upande wa kike: aliyetawazwa ni mpwa, mtoto wa dada. Mwana mwenyewe, aliyekulia ndani ya ua wa mtawala, alipewa kijiji akisimamie, na mwanangwa likawa jina la kazi. Kwa hiyo mzaliwa wa juu alikuwa mtu aliyezaliwa hatua mbili kutoka kwenye kiti asichoruhusiwa kukikalia. Damu ilimpa jina, haikumpa kiti.

Pwani walikuwa na muungwana, yaani asiye mtumwa. Ni ukuu wa ajabu huo, unaohitaji mtumwa pembeni ili uonekane! Hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria, Zanzibar 1897 na Tanganyika 1922, neno lilipaswa kufa. Likahamia kwenye tabia. Na lilikuwa limeanza safari mapema: wapagazi wa karne ya 19, wengi wao watumwa au waliowahi kuwa watumwa, walijiita waungwana wakipanda na mizigo kutoka Bagamoyo hadi Tabora na kuvuka hadi Kongo, ambako Kiswahili chao kikaitwa Kingwana. Walionyimwa neno ndio waliolibeba.

Kwa nini basi moja lilishuka likawa ubabe, jingine likapanda likawa adabu? Sidhani ni kwa sababu waungwana walikuwa wapole; waliwamiliki watu. Naona tofauti iko kwenye nafasi. Utemi ni kiti kimoja: ukikitaka, lazima umsukume mtu. Uungwana hata tukiugombea soko zima, haupungui.

Pale pale kwenye makarasha, mbeba viroba akija na mawe begani, hawaoni vizuri walio mbele yake. Mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, mama lishe, mnunuzi wa dhahabu, wote hupata mwito mmoja: "Waungwana, njia!"