Mwenye Kuweza Kusaidia, Je, Ndiye Mwenye Lawama?

Twasema mara kwa mara ya kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na methali hiyo ina kweli yake. Mtoto aliyezoeshwa kusalimu wakubwa husalimu, na aliyezoea kuona baba akimheshimu mama hujifunza heshima. Lakini methali hiyo ina ncha ya pili, nayo twaitumia bila kufikiri. Tukimwona kanisani mtoto asiyetazama watu usoni, asiyeitika akiitwa, ambaye kinanda kikianza huziba masikio na kupiga kelele, wengi wetu huacha kumtazama mtoto tukamtazama mama yake. Hatusemi neno, macho yatosha. Mama naye huyaelewa macho hayo vizuri sana, na Jumapili inayofuata hubaki nyumbani.

Basi tunataka kulitazama swali lililo nyuma ya macho hayo. Ikiwa mzazi ndiye awezaye kumsaidia mtoto wa namna hii kuliko mtu mwingine yeyote, je, yatupasa kusema ya kuwa yeye ndiye aliyemharibu? Wala tusidhani kwamba ni wasiosoma tu wanaokosea hapa. Wataalamu wakubwa wa magonjwa ya akili walilijibu swali hili vibaya kwa miaka mingi.

Mwaka 1943 Daktari Leo Kanner, wa Baltimore huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 waliokuwa kama wanaishi peke yao ingawa wamezungukwa na watu. Hali hiyo leo twaiita usonji. Aliandika kwamba watoto hao walizaliwa hivyo. Lakini pia aliona kwamba wengi wa wazazi wao walikuwa watu wa vitabu, wasioonyesha uchangamfu, na mwaka 1949 alisema ni kana kwamba watoto walilelewa ndani ya jokofu lisiloyeyusha barafu yake. Neno hilo likaenea. Akaja Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto wenye matatizo ya akili katika Chuo Kikuu cha Chicago. Yeye mwenyewe aliwahi kufungwa katika kambi za Wanazi, Dachau na Buchenwald, naye katika kitabu chake cha mwaka 1967 akaifananisha hali ya watoto hao na hali ya wafungwa wa kambi zile. Msomaji ajipimie mwenyewe mama aliwekwa nafasi ya nani katika mfano huo. Na dawa ikafuata maelezo ya ugonjwa: mtoto atengwe na wazazi wake ndipo apone.

Twaona vigumu kufikiri neno zito kuliko hilo la kumwambia mwanamke ambaye usiku kucha hakulala akimbembeleza mtoto asiyebembelezeka.

Waliopinga wa kwanza walikuwa wazazi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mwana mwenye usonji, alitoa kitabu mwaka 1964 akionyesha kuwa chanzo kimo katika mwili na ubongo, si katika mapenzi yaliyopungua. Mwaka 1969 Kanner, akiwa mzee wa miaka 75, alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akawatangaza kuwa hawana hatia, kama hakimu anavyowaachia washtakiwa. Ni jambo la heshima, ingawa mtu aweza kuuliza ni nani aliyewapeleka mahakamani. Kisha mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wa London walichapa uchunguzi wa mapacha. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana kabisa, jozi 4 zilikuwa na usonji wote wawili. Katika jozi 10 za mapacha wasiofanana, hakuna hata moja. Mapacha hulelewa nyumba moja na mama mmoja. Kama malezi yangekuwa ndiyo chanzo, hesabu isingekuja hivyo.

Hata hivyo ilibaki kueleza kwa nini mtoto huyu huonekana kama asiyejali watu. Mwaka 1985 Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith, nao wa London, walitumia mchezo mdogo wa wanasesere wawili. Sally anaweka gololi yake katika kikapu, anatoka kwenda kutembea. Nyuma yake Anne anaitoa na kuificha ndani ya sanduku. Sally anarudi. Je, ataitafuta wapi? Watoto wadogo 27 wasio na shida waliulizwa, na 23 walijibu sawa: kikapuni, maana Sally hakuona ilipohamishwa. Katika watoto 14 wenye hali ya Down, ambao akili zao huchelewa, 12 walijibu sawa. Lakini katika watoto 20 wenye usonji, 16 walionyesha sandukuni, pale gololi ilipokuwa kweli, ingawa kwa jumla walikuwa wamewazidi wale wa Down katika vipimo vya akili.

Ndugu msomaji, fikiri maana yake. Mtoto ambaye hajui kwamba wewe una mawazo yaliyo tofauti na yake hawezi kukudharau, kwa kuwa dharau yataka kwanza umjue mtu ndipo umweke chini. Hata uongo hawezi kuusema vizuri, maana mwongo lazima ajue wewe umeona nini na hukuona nini. Tapeli wa sokoni angeshinda mchezo wa Sally bila shida. Kwa hiyo kuujua moyo wa mwenzako ni uwezo tu, kama kuona au kusikia, na mtu huweza kuutumia kwa wema au kwa uovu. Mtoto aliyepungukiwa nao hana kosa kuliko kipofu anayemkanyaga mtu mguu.

Twaongeza jambo moja, kwa sababu vipimo hivi navyo huweza kugeuzwa kuwa fimbo. Watoto 4 kati ya wale 20 walijibu sawa, wala usonji si wa namna moja. Na mwaka 2012 Damian Milton, msomi Mwingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili: wao hawatusomi, na sisi hatuwasomi wao. Yule mtoto anayeziba masikio kanisani anatuambia kwa mikono yake kwamba kinanda kinamuumiza. Ni wangapi kati yetu walioisoma habari hiyo?

Hapa ndipo swali linapokuwa gumu, maana nyumba haikosi nguvu yake. Mwaka 1995 Candida Peterson na Michael Siegal wa Australia waliwapa mchezo ule ule watoto viziwi, na zaidi ya nusu yao wakashindwa. Hawakuwa na usonji. Wengi wa watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, wasiojua lugha ya ishara. Basi mtoto huambiwa kula, njoo, acha, lakini haambiwi kwamba shangazi amekasirika kwa kuwa alidhani amesahauliwa. Uchunguzi uliofuata uliona kwamba watoto viziwi waliozaliwa na wazazi viziwi, na kuzungumza nao kwa ishara tangu uchanga, hawakuchelewa hivyo. Kumbe mioyo ya watu twaifahamu kwa kuzungumziwa habari zake.

Mtu ataruka haraka na kusema: basi ni kosa la mzazi, tumerudi pale pale. La. Wazazi wale wanaosikia, nani aliwafundisha ishara? Lawama hutazama nyuma na kuuliza ni nani aliyefanya. Msaada hutazama mbele na kuuliza ni nani aliye karibu na awezaye. Mara nyingi majibu si mtu mmoja. Anayemfundisha kipofu kusoma kwa vidole hakumpofusha. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi waliuliza habari za kipofu kama dhambi ni yake au ya wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili, kisha akatengeneza udongo akampaka macho.

Tiba za siku hizi zimeanza kuenenda kwa njia hiyo. Huko London, Manchester na Newcastle, watoto wadogo 152 wenye usonji waliingizwa katika jaribio lililochapwa mwaka 2010. Mzazi alicheza na mtoto wake, wakapigwa picha za video, kisha mzazi na mtaalamu wakazitazama pamoja. Hawakutafuta makosa. Walitafuta zile nyakati fupi ambapo mtoto alitupa jicho au kunyosha mkono na mzazi akaitikia. Mzazi akajifunza kungoja, na kufuata kile anachokitazama mtoto badala ya kumvuta. Mwanzoni faida katika dalili zenyewe ilikuwa ndogo. Lakini watoto walipopimwa tena, habari iliyotoka mwaka 2016, waliokuwa na dalili kali walikuwa 46 katika kila 100 kwa waliotibiwa hivyo, na 63 kwa wengine. Wasiwasi wa watoto haukupungua, wala hakuna aliyesema wamepona. Ila mama aliyekuwa mshtakiwa sasa amekuwa mtenda kazi pamoja na daktari.

Mwaka huo huo wa 2016 yalitoka matokeo ya kazi kama hiyo kwa watoto 65 katika Goa ya India na Rawalpindi ya Pakistani. Waliowafundisha wazazi hawakuwa mabingwa, bali wahudumu wa kawaida waliopewa mafunzo, nao walifaulu kuwasaidia wazazi kuwaitikia watoto wao vizuri zaidi. Kwetu ambako bingwa wa akili za watoto ni nadra, habari hii yatuhusu.

Kazi hiyo humtaka mzazi akae na mtoto huyo, wawili tu, karibu nusu saa kila siku nyumbani, bila haraka. Mama wengi tunaowafahamu hawana nusu saa. Kuna maji ya kuteka, kuna mtoto mchanga mgongoni, chungu kiko jikoni. Umoja wa Mama wanajua kupanga zamu za kupamba altare na za kuwatazama wagonjwa. Twauliza kama wanaweza kupanga na zamu hii, ya mtu mmoja kwenda jioni kumshikia mama huyo mtoto mchanga na kuangalia chungu.