Neno "Pragmatic" na Matumizi Yake

Katika suluhu moja ya mirathi niliwahi kuwashauri mayatima wakubali pungufu ya fungu lao, ili ugomvi uishe upesi. Kijana mmoja msomi akanisifu mbele ya watu kwa neno la Kiingereza: "Sheikh wetu ni pragmatic." Nikafurahi. Lakini haifai mtu kupokea sifa asiyoijua maana yake. Basi nikalichungua neno lile.

Asili yake ni Kiyunani, "pragma", yaani tendo au jambo. Waingereza walipolichukua, katika karne ya 17 aghalabu lilikuwa ni tusi, wakimwita hivyo mtu ajitiaye katika mambo yasiyomhusu. Baadaye likapanda daraja. Mwaka 1907 William James, mwanafalsafa wa Marekani, alitoa kitabu kwa jina la "Pragmatism", akifundisha kuwa fikra ipimwe kwa matokeo yake katika maisha. Leo husifiwa kwalo mtu atazamaye hali ilivyo na kufuata lifaalo, asiyeng'ang'ania nadharia.

Maana hii peke yake si mbaya. Nahodha akipatwa na upepo wa omo hashindani nao uso kwa uso. Huliendesha jahazi mshazari, mara upande huu, mara upande wa pili. Hapana amlaumuye, maana bandari aiendeayo ni ile ile. Lakini akiiacha bandari akateremka na upepo, huyo hana tena unahodha, ijapokuwa safari yake imekuwa nyepesi.

Hapo ndipo ilipo hatari ya neno hili: laeleza namna ya kwenda, wala halielezi wapi mtu aendako. Wanazuoni wetu wamelijadili jambo hili zamani katika mlango wa maslaha. Imamu Shatibi, aliyefariki mwaka 790 Hijria (1388), alifundisha kuwa maslaha hayapimwi kwa matamanio ya nafsi.

Basi akisifiwa mtu mbele yako kwa neno hilo, uliza mambo mawili. Hilo lililofaa, limemfaa nani? Na lililoachwa, lilikuwa ni nini? Ikiwa ni rai tu, hapana ubaya. Rai huachwa kwa rai iliyo bora. Lakini ikiwa ni haki ya mtu, basi hiyo si hekima, hata ikivishwa jina la lugha gani.

Mayatima wale hawakuacha rai. Waliacha haki yao, na aliyewaachisha ni mimi.